Yamechafuka au yamechafuliwa?

Swali: Ripoti moja ya mazingira inasema, “Maji ya mto yamechafuka kutokana na shughuli za kibinadamu.” Je, si “yamechafuliwa”? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Kisarufi yote mawili yamenyooka. “Kuchafuka” ni kauli ya kutendeka: hutaja hali, mtenda humwoni. Bahari huchafuka kwa upepo na hakuna wa kumshtaki. Ukisema “yamechafuliwa”, msomaji atauliza “na nani?”, na hilo ndilo swali ambalo mwandishi wa ripoti alikuwa analikimbia.

Mimi nimekereka zaidi na huo mkia: shughuli za kibinadamu. Zipi? Kucheza bao ni shughuli ya kibinadamu. Kunyonyesha, kuzika, kumsengenya jirani, zote ni za kibinadamu. Binadamu, kwa Kiarabu, ni mwana wa Adamu tu, lakini siku hizi “-a kibinadamu” limezoea kuandamana na “misaada” na “huruma”, hata mtu akadhani mto ulitiwa sumu kwa upole.

Tazameni Mto Rhine. Kwa miongo mingi migodi ya potasi ya Alsace, Ufaransa, iliumwagia mabaki ya chumvi. Huko chini Uholanzi, kampuni ya vitalu vya miche ya Bier ilikuwa ikimwagilia kwa maji hayohayo, na mimea ikaharibika. Bier hakwenda kuzishtaki shughuli za kibinadamu. Alimshtaki Mines de Potasse d’Alsace, kwa jina lake kamili, na mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya, Luxembourg, ikasema mdai anaweza kufungua kesi kulekule madhara yalikotokea. Sasa andika hati hiyo ya mashtaka kwa “maji yamechafuka”. Mdaiwa awe nani, mto?

Kuna mahali nalegeza kamba. Nitrati, kemikali ya mbolea inayooshwa hadi majini, katika Mto Thames, Uingereza, ina kumbukumbu za vipimo tangu 1868. Ilipanda baada ya malisho kulimwa wakati wa Vita Kuu ya Pili na mbolea za viwandani kuzidi mashambani, na sehemu yake huchukua miongo kupenya kwenye miamba ya chokaa kabla ya kuufikia mto. Waliolima ni maelfu, wengi wao marehemu. Hapo “yamechafuka” nalimeza, shingo upande. Ila mkia ukatwe, iandikwe “mbolea za mashambani”: maneno matatu kwa matatu, wala wino hauongezeki.