Kuwaonyesha watoto namna ya kufikiri insha

Mwalimu mwenzangu wa Wete, assalaamu alaykum. Umeuliza kwa nini wanafunzi wako wa darasa la sita huandika mistari minne ya insha kisha wakakwama, ilhali uwanjani hawachoki kusimulia.

Mara nyingi tatizo si uchache wa maneno, bali mtoto hajaonyeshwa namna mwandishi anavyofikiri. Watafiti wa Marekani, John Hayes na Linda Flower, walieleza mwaka 1980 kwamba uandishi una kazi tatu zinazoingiliana: kupanga, kuandika na kupitia upya. Lakini sisi walimu tumezoea kudai ile ya pili tu, kisha tunasahihisha kwa wino mwekundu.

Andika kwanza wewe ubaoni, huku ukifikiri kwa sauti. Chukua mada ya msimu wa karafuu, useme: "Nianze na kupanda mkarafuu, au na majamvi yaliyoanikwa uani? Nani atasoma habari hii?" Futa sentensi moja na ueleze kwa nini umeifuta. Mtoto aliyeandika "Tulichuma karafuu nyingi" muulize alichuma na nani, harufu ilikuwaje, na vidole vyake vilikuwaje baada ya kuchambua makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, usiku. Majibu hayo ndiyo aya yake ya pili.

Vipindi ni vichache, nalijua hilo, lakini insha moja iliyorudiwa kwa wiki mbili humfaa mtoto kuliko nne za mara moja. Tahajia iache hadi rasimu ya mwisho, na usiwaondolee mpango wa insha uliouandika ubaoni mpaka uone wanauandika wenyewe bila kuambiwa.