Wikendi ya Sipi Huanza na Saa ya Kuondoka

Msomaji mmoja wa Jinja ameniandikia akiuliza jinsi familia yetu inavyomudu kwenda kutazama maporomoko ya maji ya Sipi, huko milimani Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, ilhali hatuna mali. Nimefurahi sana kuulizwa, kwa sababu nilipoitaja safari hiyo mara ya kwanza, shemeji yangu alisema mbele ya wakwe zangu kwamba maporomoko ya maji ni mambo ya wazungu, na kwamba mtu mwenye akili huenda kwao akalime. Maneno yale yaliniuma, na bado yananiuma. Mwezi uliopita nilimpeleka mama mkwe wangu, naye ndiye anayeuliza sasa tutarudi lini.

Jambo linalookoa safari hii ni saa ya kuondoka. Jioni ya Ijumaa barabara ya kutoka Kampala hadi Mukono hujaa magari, hivyo anayeondoka baada ya kazi hufika Mbale usiku sana, na Jumamosi yake huishia kitandani. Omba ruhusa ya Ijumaa mapema, uondoke saa kumi na moja alfajiri. Utavuka Nile kwa daraja la Jinja lililofunguliwa mwaka 2018, upite Iganga na Tirinyi, uwe Mbale kabla ya adhuhuri. Kula hapo, lakini usilale. Zimebaki kama kilomita 50 za lami, na kipande cha mwisho ndicho kizuri kuliko vyote: barabara inapanda kwa kona, tambarare inabaki chini yako, na mibuni na migomba inaanza kukaribia dirisha la gari. Ni makosa kumpitisha mtoto hapo gizani.

Sipi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila mtu abebe sweta. Mpigie simu mwenye nyumba ya wageni kabla ya safari, mkubaliane bei, na uende na pesa taslimu. Mimi huchagua kati ya Desemba na Februari, kwa kuwa mvua za Aprili na Mei huzifanya njia za Mlima Elgon, ambao Sipi iko ubavuni mwake, ziteleze, na udongo wa miteremko yake umewahi kuporomoka na kuua watu.

Maporomoko ni matatu. Lililo refu zaidi, la takribani mita 100, liendee asubuhi miguu ikiwa na nguvu, kwa maana kuteremka hadi chini yake ni rahisi ila kurudi ni mlima. Chukua kijana wa pale pale akuongoze. Kiswahili mtaelewana, kwani upande huu unaelekea mpaka wa Suam na Kenya. Waambie watoto kwamba mkimbiaji Joshua Cheptegei, aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ametoka katika vilima hivi.

Wazazi wenzangu, tusikubali kuambiwa kwamba nchi yetu ni ya wageni kutazama nasi tubaki kuisikia kwa masimulizi. Gharama ya sherehe moja ya mtaani inatosha kulala Sipi siku mbili. Anza kuweka akiba mwezi huu, upange tarehe, na Jumapili uanze kurudi kabla ya saa nne asubuhi, maana jioni foleni ya Mukono huwa upande wa kuingia Kampala.