Nyota inadunda, inapwita au inazunguka?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa fizikia. Ninawaandalia wanafunzi maelezo kuhusu nyota ambazo mwanga wake huongezeka na kufifia. Niliandika, "Nyota hii ina mzunguko wa siku 5." Mwenzangu anasema sentensi haieleweki. Kosa liko wapi? Na je, niseme nyota inadunda, inapwita au inametameta?

JIBU: Mwenzako ana haki, Mwalimu. Sarufi haina kasoro. Shida ni neno mzunguko, ambalo umelibebesha mizigo mitatu. Nyota inaizunguka nyota nyingine kwa siku 5? Inajizungusha yenyewe kama pia ya kuchezea? Au ni mwanga wake unaopanda na kushuka?

Kumetameta tukuache. Huko ni kuchezacheza kwa mwanga ukipita katika hewa ya Dunia; nyota yenyewe haijabadilika. Kudunda kunaeleweka, ila mpira nao hudunda, na mtoto ataiona nyota ikirukaruka. Mimi nachagua kupwita. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono: mshipa ule unaoinuka na kulala ndio unaopwita. Nyota iitwayo Delta Cephei, ambayo kijana John Goodricke, aliyekuwa kiziwi, alitambua mwaka 1784 huko Uingereza kwamba mwanga wake hubadilika, hufanya vivyo hivyo. Huvimba, hunywea, huvimba tena, kila baada ya siku 5 na saa 9 hivi. Basi andika: "Nyota hii hupwita mara moja kila baada ya siku 5."

Kujizungusha kuwekee mhimili, kama vitabu vya jiografia vinavyosema kuhusu Dunia. Nalo neno kuzunguka lipe yambwa, yaani kitu kinachozungukwa: Dunia hulizunguka Jua. Hiyo -li- ndogo ndiyo inayomwonyesha msomaji kwamba kuna kitu katikati.

Nalisisitiza hili kwa sababu wanasayansi hujua kujizungusha kwa nyota kwa kutazama kupwita kwake. Nyota inayopwita ikijizungusha, mawimbi ya kupwita yanayofuata mwelekeo wa kujizungusha na yale yanayokwenda kinyume hutufikia kwa mapigo yanayopishana kidogo. Pigo lililokuwa moja hugawanyika, na pengo likiwa pana, nyota inajizungusha upesi. Kwa njia hiyo, wakitumia vipimo vya darubini ya angani ya Kepler, wataalamu walionyesha mwaka 2012 kwamba kiini cha nyota kubwa nyekundu walizozichunguza hujizungusha upesi kuliko uso wake, angalau mara 10. Jaribu kuyaandika hayo kwa neno mzunguko peke yake: "mzunguko wa nyota hugawanywa na mzunguko wake." Mwanafunzi gani ataelewa?

Na pulsa (pulsar), yaani kiini kidogo kizito kilichobaki baada ya nyota kulipuka, ambayo Jocelyn Bell aliigundua mwaka 1967, usiiite nyota inayopwita, ingawa jina lake la Kiingereza linavutia huko. Pulsa haipwiti. Hujizungusha, na mawimbi yake ya redio hutupitia kama mwanga wa mnara wa taa unaofagia bahari usiku. Ile ya kwanza hutupitia kila baada ya sekunde 1.3 hivi.