Maswali Yenu: Udongo wa Gereji, Mboji Inayonuka na Ufunguo wa Bomba

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vikundi vinavyolima viwanja vya pamoja mitaani. Tumechagua tano na kuzifupisha.

SWALI: Kikundi chetu kimepewa kiwanja kilichokuwa gereji kwa miaka mingi. Nyasi zimeota vizuri, lakini mzee mmoja wa mtaa anasema tusipande hapo chochote cha kuliwa. Wenzangu wanaona anatutisha bure. Pia, tunaweza kutumia tairi kuukuu kama kingo za matuta?

JIBU: Mzee wenu ana hoja, msikilizeni. Nyasi kuota si ushahidi wa usalama, maana madini ya risasi hayaui nyasi. Gereji huacha ardhini vitu vya aina mbili: mafuta yaliyomwagika, na metali nzito, hasa risasi ya betri na ya petroli ya zamani. Mafuta mepesi huliwa na vijidudu vya udongo taratibu. Risasi haiozi wala haigeuki mvuke. Hukaa katika sentimita chache za juu kwa miaka na mikaka. Algeria, nchi ya mwisho kuuza petroli ya risasi kwa magari, iliacha mwaka 2021, kwa hiyo hata kiwanja kisicho cha gereji, kikiwa kando ya barabara kuu ya zamani au palipobomolewa nyumba yenye rangi za kale, ni cha kushuku.

Wengi hudhani hatari iko kwenye mmea kufyonza sumu. Hiyo ipo, ila kubwa zaidi ni vumbi na udongo wenyewe: ule ulioshika kwenye majani, kwenye ngozi ya karoti, na kwenye vidole vya mtoto anayecheza pembeni. Risasi huharibu ubongo unaokua, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Ndiyo maana, katika udongo wa mashaka, nyanya, biringanya na maharage yanayoning'inia juu ni afadhali kuliko mboga za majani, na mazao ya mizizi ndiyo ya kuepuka kabisa.

Pimeni kabla ya kulima. Anzeni kwa kuchora ramani ya kiwanja na kukigawa kwa historia yake: palipokuwa shimo la kukagulia magari, palipowekwa betri, palipokuwa ukuta wa rangi, na palipobaki wazi. Msichanganye udongo wa sehemu hizo, kwa sababu wastani wa kiwanja kizima utaficha kona moja mbaya. Katika kila sehemu choteni udongo sehemu 10 hadi 15 zilizotawanyika, kutoka juu hadi kina cha sentimita 15, mkiuweka kwenye ndoo safi ya plastiki. Ndoo ya bati haifai, itaongeza zinki kwenye majibu. Changanyeni, toeni mawe, anikeni kivulini, kisha pelekeni nusu kilo maabara na kuomba wapime risasi, kadimi, aseniki na zinki. Kipimo cha mafuta kina utaratibu wake: udongo huo usianikwe, maana mafuta yataruka. Ujazwe hadi mdomoni kwenye chupa ya kioo, ufunikwe na ufike ukiwa wa baridi.

Hata majibu yakiwa ya wastani, tungewashauri mlime kwenye matuta yaliyoinuliwa. Tuta lisizidi mita 1.2 kwa upana, ili mtu afike katikati kutoka kila upande bila kulikanyaga. Njia kati ya matuta ziwe sentimita 60, na angalau njia moja ya sentimita 90 kwa ajili ya toroli na kiti cha magurudumu. Tandikeni chini kitambaa kizito kinachopitisha maji, kisha jazeni udongo safi: sentimita 30 kwa mboga za majani, 45 kwa nyanya na karoti. Tuta la mita 1.2 kwa 3 lenye kina cha sentimita 30 linameza zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, nao udongo hushuka ukishalowa mara kadhaa. Agizeni wa ziada, karibu sehemu moja kwa kila tano. Njia zote zifunikwe kwa maranda au vipande vya mbao, unene wa sentimita 10. Hatua hii vikundi hupenda kuiruka, ilhali vumbi la njiani ndilo linalorudi kwenye majani. Bomba la kunawia mikono liwe karibu na lango.

Tairi hapana. Hutoa zinki na mabaki ya mafuta kadiri zinavyochakaa juani. Mataruma, yaani mbao zinazolazwa chini ya reli, nayo hapana, yameloweshwa kriosoti, dawa yenye sumu ya kuzuia mbao kuoza. Mbao za paleti zinafaa zikiwa na muhuri wa HT, yaani zimetibiwa kwa joto. Zenye muhuri wa MB zilifukizwa kwa methili bromidi, ziacheni.

Na mkichimba kiganja kimoja tu mkasikia harufu ya dizeli, au maji yaliyotuama yakaonyesha utando wa rangi za upinde wa mvua, sehemu hiyo msiwekeze hata tuta. Ni ya kusafishwa na mafundi wenye vifaa.

SWALI: Pipa letu la mboji lina miezi miwili. Linanuka, inzi wamejaa, na jirani ameona panya. Tunaweka maganda na mabaki ya jikoni tu, hakuna plastiki. Tunakosea wapi?

JIBU: Mnakosea hapo kwenye "tu". Maganda ni mabichi, yana maji na nitrojeni nyingi. Yakikaa peke yake hujikandamiza, hewa hukatika, na vijidudu visivyohitaji hewa hushika kazi. Harufu ndiyo itakayowaambia kilichoharibika: ikiwa ya mayai viza, hewa imekosekana, ikiwa ya mkojo inayochoma pua, nitrojeni imezidi. Dawa ni ile ile, vitu vikavu, ingawa kwa mayai viza mnalazimika pia kugeuza lundo lote siku hiyo hiyo.

Kwa kila ndoo moja ya maganda wekeni ndoo mbili hadi tatu za majani makavu, maboksi yaliyochanwa vipande vya ukubwa wa kiganja, au maranda. Katika mboji ya mtaa hakuna anayesahau kuleta maganda. Kinachokosekana daima ni vikavu. Wekeni magunia ya majani makavu ubavuni mwa pipa, na sheria iwe kwamba anayemwaga ndoo yake hafuniki pipa mpaka amwage vikavu juu. Gunia likiisha, kupokea maganda kusimame.

Kuhusu unyevu, shika konzi ya mboji kutoka katikati uikamue kwa nguvu zako zote. Matone mawili matatu yakichungulia kati ya vidole, iko sawa. Maji yakitiririka hadi kifundo cha mkono, imelowa. Ukifungua kiganja na donge likabomoka lenyewe bila tone, mwagia maji huku mwingine akigeuza.

Ukubwa nao una maana. Lundo lisilofika mita 1 kwa 1 kwa 1 halishiki joto, na mnalitaka lifike nyuzi 55 hadi 65 ili liue mbegu za magugu na vimelea. Chomekeni nondo katikati kwa dakika 10. Mkiichomoa, ncha iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuishika. Geuzeni joto linapoanza kushuka, kwa kawaida kila wiki moja mwanzoni, mkileta vya pembeni katikati.

Panya huja kwa sababu ya chakula na makao. Acheni kabisa nyama, samaki, mafuta, maziwa na chochote kilichopikwa. Zungushieni pipa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 12, na chini pia, kwani panya huingia kwa kuchimba. Wavu wa kuku wa kawaida haufai, ni mlango wazi kwa panya mdogo. Maganda mapya yafukiwe katikati kwa kina cha sentimita 20, yasiachwe juu.

Kujua kama imeiva, jazeni mfuko wa plastiki, fungeni, subirini siku tatu. Mkifungua mkakutana na harufu ya uchachu au ya mkojo, bado. Mkiitumia hivyo itaunguza miche. Iliyoiva hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua.

SWALI: Tuna matuta 12 ya mita 1.2 kwa 3, na paa la bati la ukumbi lenye mita za mraba 60. Tangi la lita 1,000 litatutosha?

JIBU: Tupige hesabu. Matuta yenu ni mita za mraba 43. Mboga zinataka karibu milimita 25 za maji kwa wiki wakati wa ukavu, na milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Hizo ni lita 1,080 kwa wiki. Tangi lililojaa halimalizi wiki.

Upande wa kuvuna, mvua ya milimita 20 juu ya paa lenu ni lita 1,200. Mkitoa kinachopotea kwa kurukia nje na kwenye mifereji, tuseme thuluthi au robo, mnabaki na lita 800 hadi 900. Yaani mvua moja nzuri inakaribia kujaza tangi, na mvua ya pili inamwagika. Mngekuwa na tangi tatu mngepumua kati ya mvua na mvua, lakini kwa miezi mikavu bado mtahitaji bomba. Semeni hivyo mapema kwa wanachama.

Punguzeni mahitaji kwanza: matandazo ya majani makavu ya sentimita 5 hadi 8 juu ya matuta, na kumwagilia alfajiri kwenye shina badala ya mchana juu ya majani. Lita 60 za kwanza za kila mvua zimwageni, hizo ndizo zinazosafisha vumbi na kinyesi cha ndege. Tangi la lita 1,000 lina uzito wa tani moja, basi liwe juu ya zege au tofali zilizosawazishwa, si juu ya meza ya mbao. Kila mita moja ya kimo inawapa bar 0.1 tu ya msukumo, ndiyo sababu mipira ya kumwagilia kwa matone inayotaka bar 1 itawakatisha tamaa. Nunueni ile ya msukumo mdogo. Wekeni wavu wa mbu kwenye mdomo wa kuingizia na pia kwenye bomba la kufurikia. Hilo la pili husahauliwa, na mbu hawahitaji mwaliko.

SWALI: Tulipanda miti 20 kando ya barabara ya mtaa wetu. Mwaka haujaisha, 9 imekauka, ingawa tunamwagilia.

JIBU: Ile 9 msiitupe kabla hamjaichunguza. Ng'oeni mmoja mtazame mizizi. Ikiwa imezunguka kwa umbo la mfuko wa kitalu, kama kamba iliyokunjwa, basi haikuwahi kutoka kwenda kwenye udongo mpya; ilipaswa kukatwa na kunyooshwa siku ya kupanda. Vipande vya nailoni vikionekana, mmepata jibu.

Kisha nendeni kwa iliyo hai. Fukueni kwa vidole pale shina linapoingia ardhini. Shina lenye afya hupanuka hapo kama mguu wa tembo. Likiingia wima kama nguzo ya simu, mti umefukiwa mno, na gome litaoza polepole hata kama majani bado ni ya kijani. Ondoeni udongo uliozidi mpaka upanuzi ule uonekane. Mti ujao uchimbiwe shimo lenye upana mara mbili au tatu ya fungu la mizizi, lakini kina kisizidi kimo cha fungu hilo.

Maji machache kila jioni huloweka sentimita za juu tu. Wiki za mwanzo toeni lita 10 hadi 20 kwa mti kila baada ya siku mbili tatu, baadaye lita 40 kwa wiki hadi miaka miwili itimie, yakimwagwa polepole. Matandazo yaache nafasi ya kiganja kuzunguka shina. Vigingi vitolewe baada ya mwaka mmoja, na kamba zikaguliwe kabla ya hapo. Tumeona picha mliyotuma: kamba ya mti wa kushoto imeshaanza kuzama kwenye gome. Ikateni leo.

SWALI: Wanachama wanne wameacha matuta yao yakajaa magugu, na kuna watu kumi wanaosubiri nafasi. Tunaogopa kugombana. Tufanyeje?

JIBU: Ugomvi unatokea pale ambapo hakuna kilichoandikwa. Andikeni ukurasa mmoja, kila mtu asaini: tuta lisilopaliliwa kwa wiki mbili, mwenye nalo anapigiwa simu, wiki mbili nyingine zikipita bila habari, linapewa wa kwanza kwenye orodha. Wagonjwa na wasafiri wataje mtu wa kuwashikia. Kwa hawa wanne, sheria ianze leo, isirudi nyuma, na anzeni kwa kuwauliza kulikoni. Mara nyingi tuta lilikuwa kubwa mno kwa mtu anayeanza. Mita nne za mraba zinamtosha, na atakayeona aibu kuacha lote atakubali kugawana nusu.

Wakati mazungumzo yanaendelea, kateni magugu kabla hayajatoa mbegu, kisha funikeni matuta hayo kwa maboksi mazito yaliyolowa na matandazo juu yake.

Mwisho, barua yenu inataja kwa kupita tu kwamba ufunguo wa bomba anao mtu mmoja. Tungeanzia hapo. Anayefika saa kumi na mbili asubuhi akakuta bomba limefungwa, mara ya tatu harudi. Chongesheni funguo tatu, majina ya wanaozishika yabandikwe langoni pamoja na zamu zao, na kitasa kibadilishwe kila uongozi unapobadilika.