Jibu: setlocale inakubali kwenye laptopu, kwenye seva inagoma

Ndugu nimekuelewa, programu yako ya Python inatumia setlocale (amri ya kuchagua mtindo wa lugha na nchi) na inaandika namba kwa mtindo wa Kijerumani vizuri tu kwenye laptopu, ukiipandisha kwenye seva ya Linux inakurushia "unsupported locale setting". Ulichoandika hakina shida, ni hiyo lokali (mipangilio ya lugha na nchi, kama namba zinavyoandikwa) haijawekwa kwenye seva. Andika locale -a kwenye terminal ya seva uone zilizopo, kama de_DE.utf8 (ya Kijerumani) haimo na seva ni Debian (aina mojawapo ya Linux), iwashe ndani ya /etc/locale.gen halafu endesha locale-gen, utahitaji ruhusa ya root (msimamizi mkuu wa seva) kwa hiyo kama seva si yako muombe anayeisimamia.

Ila kama hiyo ni tovuti mi nakushauri achana na setlocale kabisa, maana inabadilisha programu nzima sio ukurasa mmoja, mtu mmoja akichagua Kijerumani mwenzake wa Kiingereza anaweza kuletewa 1.234 akadhani ni moja na ushee kumbe ni elfu moja na kitu, na kwenye hela hiyo ni hatari kweli. Tumia Babel (maktaba ya Python ya kuandika namba na tarehe kwa mitindo ya lugha mbalimbali), format_decimal(1234.5, locale="de_DE") inakupa 1.234,5 hapo hapo tu bila kugusa kwingine, wala haijali seva ina lokali gani. Kwenye databesi hifadhi namba tupu, usihifadhi hayo maandishi yenye nukta na mkato.