Mama alizaliwa na uvimbe wa mrija wa nyongo, tukaujua akiwa na miaka 67

Kwa miaka kama sita mama alitibiwa mawe ya nyongo. Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa ya kutetemeka, macho ya manjano. Anapewa antibiotiki, anapata nafuu, tunasahau. Alipopigwa picha ya MRI ya mirija ya nyongo ndipo tukaambiwa mrija mkuu umetanuka kama puto, uvimbe ambao madaktari huuita choledochal cyst, na kwamba kasoro hiyo alizaliwa nayo.

Nikauliza swali la kijinga: ameishi nao miaka yote hiyo, kwa nini tusiuache? Daktari wa upasuaji akachukua kalamu akachora. Kwa wengi wenye uvimbe huu, mrija wa nyongo na ule wa kongosho hukutana mapema mno, kabla ya kufika kwenye ukuta wa utumbo. Maji ya kongosho hupanda na kuuchubua mrija kwa ndani. Mchubuko wa miongo mingi unaweza kuzaa saratani, na hatari hiyo hukua na umri. Kumbe uzee niliouona kama kisingizio cha kuuacha ndio uliokuwa sababu ya kuutoa.

Mkikaa na daktari, ulizeni hivi: uvimbe utatolewa, au utaunganishwa tu na utumbo ili nyongo ipite? Zamani waliunganisha tu, ukuta mbovu ukabaki ndani, na baadhi ya wagonjwa wakapata saratani baadaye. Siku hizi uvimbe hukatwa pamoja na mfuko wa nyongo, kisha utumbo mwembamba huvutwa juu ukashonwa kwenye mrija unaotoka kwenye ini. (Mirija ya ndani ya ini nayo ikiwa imetanuka, mipango hubadilika.) Aliyefanyiwa ule upasuaji wa zamani arudi akaangaliwe, hata kama haumwi popote.

Kwa mzee, miaka peke yake haisemi mengi. Ulizieni moyo, mapafu, figo na sukari. Mama aliahirishiwa wiki tatu ili maambukizi yatulie kwanza na ale apate nguvu. Nilifoka sana siku ile. Baadaye, nilipomwona anaamka salama kwenye nusukaputi, niliona haya.

Kliniki haijaisha. Pale paliposhonwa panaweza kusinyaa, kwa hiyo anapimwa damu na ultrasaundi kila mwaka, na kutetemeka kukimrudia hatusubiri kuche: tunambeba usiku huohuo.