Uliza Mkunga: Meseji imemleta mtoto kliniki, na mama je?

Barua za mwezi huu nyingi zimegusa jambo moja, zile tarehe za kurudi kliniki ukishajifungua na jinsi simu inavoweza kusaidia zisipite. Nimechagua tano, majina nimeyaweka kando.

Habari za kazi sista. Mke wangu kajifungua salama wiki iliyopita, mtoto wetu wa kwanza. Siku ya kuruhusiwa nesi alitaja tarehe za kurudi ila mi nilikua nahangaika na bajaji na mizigo, mwenyewe mama alikua hajalala usiku mzima, sasa hivi hakuna anaekumbuka tuliambiwa nini na mwandiko wa kwenye kadi siusomi vizuri. Nataka niweke kwenye simu initajie. Ni siku zipi hasa na naiwekaje? – Baba mpya, Mbagala

Hongera sana baba, na asante kwa kuuliza mwenyewe maana barua za akina baba huwa ni chache sana hapa.

Kwa utaratibu wetu Tanzania mama na mtoto wanaangaliwa ndani ya saa 48 za mwanzo, halafu siku ya 7, siku ya 28 na siku ya 42. Hiyo ya 42 ndo wiki 6, inaangukia pamoja na chanjo za wiki ya 6 za mtoto, Penta, matone ya polio na zile nyingine. Sasa angalia kitu kizuri hapa, 7 na 28 na 42 zote ni wiki kamili, kwa hiyo kama mkeo kajifungua Jumanne basi tarehe zote tatu zinaangukia Jumanne. Mfano aliejifungua Jumanne tarehe 3 Machi 2026 anarudi tarehe 10 Machi, tarehe 31 Machi na tarehe 14 Aprili. Ukishalijua hilo hata kadi ikipotea hupotei. Ikiangukia wikiendi uliza zahanati yenu kama wanahudumia siku hizo au mje siku moja kabla, na kama nesi kawaandikia tarehe tofauti, mfano mama kafanyiwa upasuaji na kidonda kinatakiwa kuangaliwa mapema, fuata ya nesi.

Kwenye simu usiweke alamu ya asubuhi ya siku yenyewe peke yake. Asubuhi ikilia saa 1 na nauli haipo, khanga safi hazipo na wewe uko njiani kwenda kazini, itazimwa na siku itapita. Weka jioni ya siku moja kabla, mda ambao wote mko nyumbani, mpange nani anamsindikiza na kadi iko wapi. Hata kiswaswadu kina kalenda, ingia tarehe husika, andika kumbusho, weka saa, hifadhi. Fanya hivo kwenye simu yako na ya mama pia, mmoja akiishiwa chaji mwingine inalia.

Na maneno ya kuandika, naomba sana, usiandike "chanjo mtoto". Andika "kliniki, MAMA na mtoto". Nimeona mara nyingi mno bibi anakuja na mjukuu kafungwa vizuri mgongoni, mtoto anapimwa uzito, anachomwa sindano, ukiuliza mama yake yuko wapi unaambiwa yuko nyumbani anapika. Huyo mama ndie tulietaka kumpima presha, kuangalia damu inatokaje, tumbo la uzazi limerudi kiasi gani, maziwa, kidonda, na kumuuliza analalaje na anajisikiaje moyoni. Mtoto hawezi kupimiwa presha ya mama yake.

Kwa kua siku ya 7 yenu imeshapita au ndo inapita, msisubiri ya 28, nendeni kesho. Hakuna nesi anaetakiwa kumfukuza mzazi kwa sababu kachelewa, na kama mtapata wa kuwafokea muombeni mganga mfawidhi.

Shikamoo dada. Niko Tanga, nimekuja kujifungulia ukweni. Leo nina siku 12. Meseji ya kukumbushwa kliniki ya siku ya 7 iliingia kwenye simu ya mume wangu ambae yuko Dar, akaituma kwa mama mkwe, mama mkwe akasema mzazi hatoki nje kabla ya arobaini, tumbo liko wazi na mtoto atapata upepo mbaya. Ananikanda vizuri na ananipikia, sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje? – Mkwe, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Kwanza mshukuru mama mkwe, kukandwa na uji na kupumzishwa sio kitu kidogo, kuna wazazi wengi wanarudia kubeba ndoo siku ya tatu na hakuna wa kuwaonea huruma. Arobaini ya kwetu pwani msingi wake ni huohuo, mama apumzike na alindwe.

Ila ulinzi huo una siku 2 za kliniki ndani yake, ya 7 na ya 28, na sababu ni kwamba hatari nyingi za mzazi zinakuja mapema. Damu nyingi, homa ya uzazi, na presha ya kupanda ambayo watu wanadhani inaisha mtoto akitoka, wakati kifafa cha mimba kinaweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Ukisubiri mpaka utoke arobaini ndo ukapimwe, siku hizo zote za hatari umezipita bila mtu kukuangalia. Na kwa upande wa dini, mwanamke alie kwenye nifasi, yaani damu ya baada ya kujifungua, sala na funga ndo zimesimama kwake, kwenda kutibiwa hakujakatazwa.

Usibishane nae. Kaa nae umwambie "mama, naomba unipeleke wewe". Kumuomba ruhusa ni kitu kimoja, kumuomba akusindikize ni kingine kabisa, akina mama wakwe wengi waliokataa la kwanza wamekubali la pili, na akifika nesi atamueleza mwenyewe na yeye ataeleza anavokukanda, maana maji ya moto sana juu ya kidonda cha upasuaji au cha njia hayafai na ni vizuri alisikie hilo kwa mtaalamu na sio kwako. Nendeni na bajaji, mjifunike, msichukue mda. Ikishindikana kabisa mwambie mumeo apige simu zahanati aombe mhudumu wa afya wa mtaa aje nyumbani.

Lakini kuna mambo hayasubiri arobaini, hayasubiri ruhusa, hayasubiri meseji. Ukiona damu inalowesha pedi moja baada ya nyingine, homa, uchafu unaonuka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, degedege, kifua kubana au mguu mmoja umevimba na unauma, unaondoka saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Kwa mtoto ni asiponyonya, akipumua harakaharaka, akiwa wa moto au wa baridi kupita kiasi, akipata degedege, viganja vikiwa vya njano au kitovu kikitoa usaha. Mpe mumeo maneno haya ayatume kwa mama mkwe kwa sauti ya WhatsApp, sauti ya mwanae ina uzito kuliko meseji ya namba asiyoijua.

Mwenzangu habari za kituo. Mi ni muuguzi kwenye zahanati huku Geita vijijini. Wazazi wanajifungulia kwetu wengi tu ila siku ya 7 naona wachache sana. Nimefikiria nianze kuwatumia meseji kwa simu yangu. Je inasaidia kweli au ntamaliza vocha bure? – Muuguzi, Geita

Inasaidia, ila nakwambia na kiasi chake ili usije ukavunjika moyo mwezi wa pili.

Ulichokiona hapo kiko nchi nzima na sio jipya. Utafiti wa afya ya uzazi na mtoto wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta karibu asilimia 63 ya uzazi unafanyika vituoni, lakini waliopimwa ndani ya siku 2 baada ya kujifungua walikua asilimia 34 tu. Ndo maana simu zikaonekana ni njia. Mwaka 2012 tulianza Wazazi Nipendeni, meseji za bure kwa wajawazito na wenye watoto wachanga. Kabla ya hapo, 2009 na 2010, kule Unguja kulikua na mradi ulioitwa Wired Mothers kwenye vituo 24 na wanawake 2,550, nusu ya vituo wanawake walitumiwa meseji na wakapewa vocha ya kumpigia mhudumu. Waliofikisha mahudhurio 4 ya mimba walikua asilimia 44 kwa waliopewa huduma hiyo na 31 kwa wasiopewa. Hiyo ni kliniki ya mimba, sawa, ila chukua lile la vocha, mama aliweza KUJIBU na kuuliza.

Sasa utafiti unaotuhusu wewe na mimi ni ule wa Nyanza, Kenya, uliotoka 2014, wa wanawake 388 wanaoishi na VVU. Waliotumiwa meseji waliorudi kliniki kwa ajili yao wenyewe ndani ya wiki 8 baada ya kujifungua walikua asilimia 19.6, wasiotumiwa asilimia 11.8. Imepanda, ndio, na inapendeza. Lakini ona upande wa watoto, waliopelekwa kupimwa VVU ndani ya mda huohuo ni asilimia 92 kwa waliotumiwa na 85.1 kwa wasiotumiwa. Kina mama haohao! Kwa hiyo njia ya kwenda kituoni wanaijua, nauli kwa ajili ya mtoto inapatikana, mtoto anafika, ila mama mwenyewe kama mgonjwa wetu hafiki. Mi hizo namba zinaniuma, na naamini sehemu ya kosa ni sisi watoa huduma, tunasema "mlete mtoto", tunamuandika mtoto kwenye rejesta, tunampima mtoto, na mama anasimama pale pembeni kashika kadi hakuna aliemgusa mkono. Kabla hujatuma meseji hata moja hakikisha mama akija kweli atapimwa presha na ataulizwa hali yake, maana akija akaambiwa tu "haya nenda" hatorudi siku ya 28 hata umpigie tarumbeta, na atamwambia na jirani.

Kuhusu kufanya yenyewe. Chukua kaunta buku, siku ya kumruhusu mama umuulize namba ipi inapatikana na ya nani, yake, ya mume, ya dada, na kama yuko radhi tumtumie meseji huko. Uliza mkiwa wawili, sio mbele ya ndugu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana na sisi wa zahanati, afya ya mtu ni siri yake, kwa hiyo kwenye meseji usitaje ugonjwa, dawa, majibu wala uzazi wa mpango, simu moja inasomwa na nyumba nzima. Andika kitu kama hiki: "Habari mama, kesho Jumanne tarehe 10 ni siku yako ya kuja zahanati. Njoo wewe na mtoto, tutawaangalia wote wawili. Kama kuna kikwazo tujibu au tubipu tutakupigia." Fupi, tarehe ipo, mama katajwa kwanza, na mlango wa kujibu uko wazi. Itume jioni ya siku moja kabla, asiefika mpigie kesho yake kwa upole bila kumsuta, wengi utakuta ni nauli au mgonjwa mwingine nyumbani au alifokewa mara ya mwisho.

Na usitumie simu yako binafsi. Ukihamishwa namba zinaondoka na wewe, na utapigiwa saa 8 usiku hata siku ya likizo. Peleka hoja kwenye kamati ya usimamizi wa zahanati, laini moja ya kituo na bando la meseji ni gharama ndogo, na asie na simu mpe jina mhudumu wa afya wa kitongoji.

Dada, mwanangu alifariki siku ya pili. Nilikua nimejiunga na meseji za ujauzito, na mpaka leo zinaingia, mwanao sasa ana wiki 3, mwanao anaanza hivi. Nikisikia mlio wa meseji natetemeka. Nifanye nini? Na kliniki niende ya nini sasa? – Mama, Morogoro

Pole sana mama. Pole kwa mwanao.

Usiendelee kuzisoma. Mpe simu mtu unaemuamini, dada yako au mumeo, aingie kwenye meseji za mwanzo kabisa atafute neno la kujitoa alitume, na akilikosa aende pale ulipoandikishwa waitoe namba yako wao. Hii inatakiwa iwe rahisi kuliko ilivyo. Afrika Kusini huduma yao ya MomConnect iliyoanza 2014 ina njia ya mama kusema amempoteza mtoto, meseji za mtoto zinakoma na akitaka anatumiwa za kumfariji. Wenye huduma hizi hapa kwetu mnaosoma, fanyeni hivo, na muuguzi anaetuma kwa mkono kabla hujabonyeza angalia kwanza rejesta kama mtoto yupo hai.

Kliniki nenda mama, kwa ajili yako. Mwili wako umejifungua, presha inaweza kupanda, damu na homa vinaweza kuja, maziwa yanaweza kujaa na kuuma. Kama yamejaa vaa sidiria inayobana kiasi, weka kitambaa cha maji ya baridi, usikamue sana maana yatazidi kutengenezwa, na titi likiwa jekundu na una homa nenda siku hiyohiyo. Ukienda zahanati mwende na mtu, yeye atangulie amwambie nesi kilichotokea ili usikae kwenye benchi la wenye watoto wachanga. Una haki ya kuomba hilo. Na kama huli, hulali, au unawaza kujidhuru, mwambie nesi hivohivo bila kuficha, wala usisubiri siku ya 42.

Mimi sina simu kabisa, nyumba nzima ipo moja na mwenye nayo anasafiri na lori. Nifanyeje? – Mjamzito, Handeni

Toa namba ya jirani au ya mwenye duka unaemuamini, kwanza umuombe yeye mwenyewe akubali. Umjue pia mhudumu wa afya wa kitongoji chako kabla hujajifungua na akujue nyumbani. Halafu ile hesabu ya juu inakufaa sana, siku uliyojifungua ndo siku ya kurudi, kwa hiyo kama ni siku ya gulio kijijini kwenu unahesabu magulio tu, la kwanza, la nne, la sita. Pembeni ya hiyo namba kwenye kadi mwambie nesi aandike na jina la mwenye simu, ili akipiga ajue anaongea na nani na asimwambie zaidi ya "mwambie aje kesho".